Picha na slaidi za marehemu baba: skana ya printa itatosha?

Dada yangu, umeuliza kama skana ya printa yako hapo Kinondoni itatosha kwa albamu na slaidi (vile vipande vidogo vya filamu vyenye picha) za marehemu baba. Kwa picha za karatasi inatosha kabisa. Slaidi haiziwezi, maana slaidi hutaka mwanga upite ndani yake, na skana hiyo humulika upande mmoja tu. Utapata kipande cheusi. Azima au nunua yenye taa kwenye kifuniko.

Picha za karatasi ziweke nukta 600 kwa inchi. Slaidi ina milimita 24 kwa 36 tu, kwa hiyo panda hadi 2400 au zaidi. Pangusa vumbi kwanza kwa brashi laini na kavu: unywele mmoja kwenye slaidi, ukishakuzwa, unamkata mtu uso mzima.

Zile ulizosema zimegandana na nailoni ya albamu, nakusihi usizibandue. Unyevu wa Dar hulainisha uso wa picha ukashikamana na nailoni, na ukivuta unabaki na karatasi nyeupe. Skani ukurasa mzima jinsi ulivyo. Zenye ukungu zitenge.

Nakala kuu hifadhi kwa TIFF, aina ya faili kubwa isiyopunguza ubora wa picha; za kugawa ziwe JPEG, faili ndogo za kawaida. Kwenye WhatsApp zitume kama dokumenti, vinginevyo zinabanwa. Nakala nyingine mpe ndugu anayeishi kwingine.

Halafu kaa na shangazi mapema akutajie majina. Mashine haitakuambia yule aliyesimama kando ya baba ni nani.