Jibu: Mguu mpana mbele, kisigino chembamba. Usiongeze namba, tafuta upana

Dada, nimelisoma swali lako la viatu. Miguu mipana mbele, kisigino chembamba, wa kulia mkubwa kuliko wa kushoto, na kila siku unatembea toka feri ya Likoni hadi kazini mjini. Ukichukua kiatu namba 39 vidole vinabanwa, ukichukua 41 kisigino kinachomoka. Njia hiyo ni yangu pia. Nikishuka feri nafuata Nyerere Avenue, naingia Digo Road mpaka Biashara Street, halafu nasimama juu ya sakafu ya saruji nikiuza leso hadi jioni. Na miguu yangu imeumbwa vivyo hivyo.

Kwanza wacha kuongeza namba. Namba ni urefu. Kwa hizi namba za Ulaya tunazotumia, toka 39 kwenda 40 urefu unazidi karibu milimita saba, upana unazidi kidogo mno. Ukirukia 41 unapata nafasi mbele ya vidole, usiyokuwa na haja nayo, na pale panapouma, ubavuni mwa dole gumba na kidole cha mwisho, bado umebanwa. Tena kiatu kina mahali pake pa kukunjika. Kikiwa kirefu kupita mguu, kinakunjika mbele ya pale mguu unapokunjika, na hapo ndipo malengelenge na maumivu ya unyayo yanapoanzia.

Dukani watakwambia, "Vaa tu, kitatanuka." Ngozi halisi hutanuka kidogo. Ile ya plastiki haitanuki, na itakapokuja kupasuka wewe umeshaota sugu. Wengine watakwambia mguu wako ndio wenye kasoro, na hili linaniudhi sana, kwa sababu nimeona wasichana wadogo wakitoka madukani wameinamisha nyuso kwa neno hilo. Kiatu hutengenezwa juu ya kalibu, yaani umbo gumu mfano wa mguu. Kalibu ikiwa nyembamba, kiatu kitakuwa chembamba, na wewe huna kosa lolote.

Pima mwenyewe. Pima jioni, baada ya kazi, maana kwa joto hili la Mombasa mguu wa jioni si mguu wa asubuhi. Simama juu ya kipande cha boksi, uzito wote mguuni, mtu akuchoree kwa penseli iliyosimama wima. Chora miguu yote miwili, na ule mkubwa ndio wa kununulia. Ukate mchoro huo uweke mkobani. Ukifika soko la Kongowea kwenye viatu vya mitumba, utoe soli ya ndani ya raba uliyoipenda uweke boksi lako juu yake. Boksi likizidi pembeni, rudisha kiatu, hata kiwe kizuri namna gani. Likienea na mbele ya dole gumba pakabaki upana wa kidole kimoja, sasa vaa ujaribu.

Mitumba nakushauri kwa sababu moja kubwa: baadhi ya viatu vya Marekani huja na herufi za upana, na dukani kwetu si rahisi kuzikuta. Angalia karatasi au kitambaa kilichoshonwa ndani ya ulimi wa kiatu. New Balance, kwa mfano, huandika. Kwa viatu vya kike B ni upana wa kawaida, D ni pana, 2E ni pana zaidi. Vya kiume D ndiyo kawaida, 2E ni pana, 4E ni pana sana. Kwa hivyo usione haya kuvaa raba ya kiume, kawaida yao ndiyo pana yetu. Herufi za upana za viatu vya Uingereza zina mpango wake tofauti, usizichanganye na hizi.

Lakini chunguza soli. Mimi nilinunua raba ya ngozi, safi, kama haijawahi kukanyaga chini. Wiki hiyo hiyo, nikipanda ule mteremko baada ya kushuka feri, nikasikia mguu mmoja umeshuka. Kugeuka, soli imeachia, imemeguka makombo kama keki kavu, watu wanayakanyaga. Sponji ya poliyurethani, plastiki laini inayotiwa kwenye soli, hunywa unyevu wa hewa na kuoza yenyewe hata kiatu kikikaa ndani ya boksi miaka bila kuvaliwa. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa dole gumba, kisha ukunje kiatu. Ukiona nyufa ndogondogo, unga, au soli inanata mkononi, achana nacho.

Kisigino nacho kina dawa yake, na haina gharama. Raba nyingi zina tundu la ziada juu kabisa, karibu na kifundo, ambalo watu hawalitumii. Pitisha kamba humo upande ule ule ifanye kitanzi kidogo, kisha kamba ya kushoto ipite kwenye kitanzi cha kulia na ya kulia kwenye cha kushoto, halafu vuta chini na ufunge. Kisigino hakichomoki tena. Na pale mbele panapobana, ruka jozi moja ya matundu, kamba isikatize juu ya mfupa unaouma.

Kiatu cha ngozi kikibana kidogo, fundi wa viatu mwenye kalibu ya kupanulia anaweza kukitia maji na kukiacha kimetanuliwa usiku kucha. Mwambie mahali hasa, umtilie alama kwa chaki. Upana ataongeza kidogo, urefu hataweza.

Makubadhi ni mazuri kwa upana, lakini mengi soli yake ni bapa na ngumu. Kwa mwendo wako wa kila siku mimi siyashauri, ila fundi akikuwekea soli nene ya raba na mkanda wa nyuma wenye bizimu.

Na kama una sukari, au vidole vinakufa ganzi, au kidonda cha kiatu hakiponi, usianze na soko, anza na daktari.

Ukishachora, andika hapa upana wa kila mguu kwa sentimita, pale palipo papana zaidi, na useme kama unauma ubavuni au chini ya unyayo. Hapo nitaweza kukwambia utafute D au 2E.