Jibu: Kengele ya kuvaa kwa mlinzi wa usiku
Ndugu, umeuliza kama kitufe kimoja cha dharura kinamtosha mlinzi anayelinda ghala peke yake usiku. Hakimtoshi. Aliyepigwa akazimia hawezi kubonyeza chochote, na huyo ndiye anayehitaji msaada kuliko wote. Ongeza kihisi cha mwendo, MPU6050 inafaa: mtu akianguka kisha akatulia sekunde 30, kifaa kitetemeke kwanza ili akizime kama yuko salama. Asipozima, ndipo ujumbe uende. Bila mtetemo huo utaamsha watu bure kila siku, mwishowe hawataamka tena.

Hiyo SIM800L uliyonunua, yaani moduli ya simu inayotuma ujumbe, iangalie sana. Inapotuma huvuta hadi ampea 2 kwa mpigo. Volti zikishuka chini ya 3.4 inajizima, yaani inakufa saa ileile ya hatari. Weka kapasita (kijihifadhi cha umeme) ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na pini zake za umeme.

Ndani ya ghala la mabati GPS, yaani kipokezi cha setilaiti kinachoonyesha mahali ulipo, usiitegemee. Tuma mahali pa mwisho palipopatikana, pamoja na saa. Na namba ya kwanza kupigiwa iwe ya mtu anayeweza kufika kwa miguu, si bosi aliyelala mji mwingine.