Mgonjwa wa UVIKO-19 Anayeganda Damu na Kuvuja Damu: Upasuaji Uingie Lini?

Swali: Ninahudumu katika wodi ya wagonjwa mahututi. Mgonjwa wetu wa UVIKO-19, anayepewa heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kwa dozi kamili kwa sababu ya bonge la damu kwenye mapafu, amepata maumivu makali ya kinena cha kushoto, hawezi kunyoosha paja, na hemoglobini yake imeshuka kutoka gramu 11 hadi 7 kwa desilita. Wenzangu wanataka apasuliwe usiku huu. Je, ni sahihi? Na inakuwaje damu ya mtu mmoja igande na pia ivuje?

Jibu: Daktari mwenzangu, nianze na la haraka. Dalili hizo zinaelekeza kwenye damu iliyovujia ndani ya msuli wa iliopsoasi, ule wa nyuma ya tumbo unaokunja paja, na hapo kisu hakipaswi kutangulia. Damu iliyokusanyika mahali palipobanwa huikandamiza mishipa midogo inayovuja na mara nyingi huituliza. Mpasuaji akifungua, mgandamizo huo hupotea, naye hujikuta mbele ya tishu zinazotoka damu kila upande bila mshipa mmoja wa kuufunga. Simamisha heparini, mpe protamini, dawa ya kuibatilisha, ukikumbuka kwamba heparini zenye molekuli ndogo hubatilishwa nayo kwa sehemu tu, mwongezee damu, kisha apigwe picha ya CT (eksirei ya tabaka kwa kompyuta) yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Ikiwa dawa hiyo inaonekana ikivuja nje ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni), au shinikizo la damu linaendelea kushuka licha ya damu anayoongezewa, mtaalamu wa radiolojia apitishe katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye ateri ya paja na kuliziba tawi linalovuja, ambalo mara nyingi hutoka kwenye ateri za kiuno. Upasuaji ubaki kwa mgonjwa ambaye njia hiyo imeshindikana au haipatikani ilhali anaendelea kupoteza damu, au ambaye shinikizo ndani ya tumbo limepanda hadi kuzidhuru figo na kuzuia mapafu kutanuka.

Kuhusu swali lako la pili, maambukizi yenyewe huchochea mwitikio mkali wa kinga, hujeruhi utando wa ndani wa mishipa na kupandisha fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, ndiyo maana mabonge hutokea kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) na ateri vilevile. Uvujaji, kwa sehemu kubwa, hutokana na dawa zetu, hasa kwa wazee, kwa wenye figo dhaifu na kwa wanaokohoa kwa nguvu. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dozi kamili ya heparini iliwafaa waliolazwa bila kuwa mahututi, lakini haikuwafaa mahututi. Hata hivyo mgonjwa wako ana bonge lililothibitishwa, kwa hiyo kumpa dozi kamili hakukuwa kosa.

Ninasisitiza tofauti moja, kwa sababu subira niliyoishauri hapo juu ni hatari ikihamishiwa pasipo mahali pake. Mguu ukigeuka ghafla kuwa wa baridi na mweupe, na mapigo yake yakapotea, misuli huanza kufa ndani ya takribani saa 6, na daktari wa upasuaji wa mishipa aitwe mara moja. Bonge huvutwa kwa katheta yenye puto, iliyoanzishwa na daktari wa upasuaji Thomas Fogarty mwaka 1963, lakini kwa UVIKO-19 ateri huweza kuziba tena kwa kuwa ukuta wake umejeruhiwa, hivyo heparini huendelea baada ya upasuaji, na tando za misuli ya mguu hupasuliwa mapema iwapo uvimbe unatishia kuinyima damu. Vivyo hivyo maumivu ya tumbo yaliyo makali kuliko dalili unazozikuta ukilipapasa kwa mkono: hayo ni ya utumbo unaokosa damu hadi CT ithibitishe vinginevyo. Utumbo uliokufa hukatwa, na tumbo hukaguliwa tena baada ya saa 24 hadi 48.

Heparini ikisimamishwa, mgonjwa wako anabaki bila kinga dhidi ya bonge la mapafu. Chunguza vena za miguu kwa altrasaundi. Zikiwa na bonge, chujio la kunasa mabonge liwekwe kwenye vena kuu ya chini na liondolewe dawa zitakaporejea. Hemoglobini ikitulia, anza na heparini ya kawaida kwa dripu, kwa dozi ndogo na bila ile dozi kubwa ya mara moja ya kuanzia, kwa sababu ndiyo inayoweza kusimamishwa upesi akivuja tena.