Pua imefunguka, harufu haijarudi

SWALI: Nauza omena Kibuye, hapa Kisumu. Mwezi mmoja uliopita nilishikwa na mafua makali. Sasa napumua vizuri lakini sisikii harufu yoyote, ila dawa ya mentholi nikiipaka naisikia ikiwasha. Si basi pua ni nzima? Jirani ananihimiza nijifukize kwa mkaratusi.

JIBU: Pole, mama. Mwasho wa mentholi hauthibitishi kitu. Unapita kwenye neva nyingine, ileile inayokutoa machozi ukikata kitunguu.

Mafua yakiwa makali, kamasi huzuia hewa isifike juu puani. Wewe umeshafunguka, kwa hiyo huenda virusi vimeumiza utando wa juu kabisa, unaonasa harufu. Hujijenga upya, lakini polepole, mara nyingi kwa miezi. Mvuke hauuharakishi, na sufuria ya maji moto huunguza.

Majani ya jirani yana kazi nyingine: mazoezi ya kunusa. Mwaka 2009 mtafiti Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, na wenzake walitumia harufu nne: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Tafuta vikopo vinne vyenye vifuniko. Ponda karafuu kama 10, kwaruza ganda la limau, fikicha majani mabichi ya mkaratusi, na udondoshee pamba mafuta ya waridi. Nusa kila kimoja sekunde 20, kidogo kidogo bila kuvuta kwa nguvu, huku ukikumbuka harufu yake, mfano limau lilivyokuwa likinukia. Pumzika nusu dakika, nenda kingine. Asubuhi na usiku, angalau miezi 3. Wengi huacha wiki ya pili kwa kuwa hawasikii kitu. Wengine huacha ganda likauke, wakawa wananusa kopo tupu.

Siku moja kahawa au kitunguu kikikaangwa huenda kikanuka kama kitu kilichooza. Kinakera, lakini mara nyingi ni neva zinazoungana upya. Vyakula vya baridi huvumilika zaidi.

Usitie puani maji ya limau wala kitunguu saumu. Na kwa kuwa mwezi umepita, daktari wa pua akuchungulie. Usingoje hata kidogo ikiwa damu inatoka, upande mmoja tu umeziba, au uligonga kichwa.

Omena mwachie mwenzako wa kibanda cha pili akunusie. Gesi ya jikoni je? Harufu yake hutiwa makusudi ili ikuonye, nawe huipati. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Mapovu yakifura, funga mtungi, fungua mlango, wala usiwashe kiberiti.