Mfungaji na mtoa pasi: mashabiki wa hoki ya barafu humthamini nani?

SWALI

Ndugu Mhariri wa michezo,

Assalamu alaikum. Mjomba wangu anaishi Toronto, nchini Kanada, na kila wiki hunitumia vipande vya video vya hoki ya barafu, ambavyo mimi na wenzangu huvitazama barazani hapa Langoni baada ya sala ya isha. Kila kipande huonyesha bao, na kila mara anayeshangiliwa ni mfungaji. Mwenzetu mmoja, ambaye ni kiungo wa timu ya mtaa na hajafunga bao tangu Ramadhani ya mwaka juzi, alikasirika akasema kwamba mashabiki wa mchezo huo hawana shukrani kwa mtoa pasi, na kwamba wametushinda hata sisi watu wa kandanda. Mimi nilimjibu kwamba nimesikia kule pasi huhesabiwa sawa na bao. Je, ni yupi kati yetu aliye na haki?

Msomaji wa Langoni, Lamu

JIBU

Waalaikumu salaam, ndugu msomaji. Wewe una haki tukitazama daftari la hesabu, na mwenzako ana haki tukisikiliza makelele ya uwanjani.

Tuanze na daftari. Katika NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, anayefunga bao hupata pointi moja, na anayetoa pasi iliyozaa bao hilo hupata pointi moja vilevile. Zaidi ya hayo, wanaoweza kuandikiwa pasi kwa bao moja ni wawili: aliyempa mfungaji kile kisahani cheusi cha raba kinachochezwa badala ya mpira, na aliyempa huyo aliyetoa. Mwenye pointi nyingi zaidi mwishoni mwa msimu hutunukiwa tuzo ya Art Ross, ambayo haiulizi pointi hizo zilipatikana kwa mabao au kwa pasi. Hata hivyo, kuanzia msimu wa 1998–99 ligi iliweka tuzo nyingine, ya Maurice Richard, kwa mfungaji bora peke yake, na hadi sasa hakuna tuzo ya namna hiyo kwa aliyetoa pasi nyingi kuliko wote. Hapo mwenzako ana pa kusimamia.

Tazama pia yaliyotokea tarehe 6 Aprili 2025. Alex Ovechkin wa Washington Capitals alifunga bao lake la 895 na kuivunja rekodi ya mabao 894 ya Wayne Gretzky. Mchezo ulisimamishwa, hotuba zikatolewa pale pale juu ya barafu, na Gretzky mwenyewe alikuwapo kumpongeza. Pasi ya bao lile ilitoka kwa Tom Wilson, na sidhani kama mjomba wako alimtaja alipokutumia video. Nicklas Backstrom, raia wa Uswidi ambaye ndiye aliyetoa pasi nyingi kuliko mtu yeyote kwa mabao ya Ovechkin, alikuwa amekwisha kuiacha timu kwa sababu ya maumivu ya nyonga. Sasa linganisha na rekodi nyingine ya Gretzky, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi, nayo haitajwi hata nusu ya hivyo: alitoa pasi za mabao 1,963. Anayemfuata kwa jumla ya pointi ni Jaromir Jagr, mwenye 1,921, mabao na pasi pamoja. Maana yake ni kwamba Gretzky, hata tukimfutia kila bao alilofunga, bado angebaki kuwa wa kwanza.

Hata hivyo nisingependa kuwaita mashabiki wale wasio na shukrani. Kwa kuwa bao moja huweza kuzaa pasi mbili, pasi ni nyingi kuliko mabao, na kitu kilicho tele sokoni hakiwezi kuuzwa kwa bei ya kilicho adimu. Hata kambale na kamba hawana bei moja. Isitoshe, pasi ya pili mara nyingine ni mguso tu wa beki aliyekisukuma kisahani kutoka nyuma ya lango lake, kisha wenzake wakafanya kazi yote iliyobaki. Shabiki anayeipa pasi kama hiyo uzito mdogo kuliko bao ametumia akili, ingawa daftari linampinga.

Tatizo lipo kwa mtoa pasi wa kweli, yule ambaye bila yeye bao lisingekuwapo, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Adam Oates. Msimu wa 1990–91, akiwa St. Louis Blues, Oates alicheza mechi 61 tu akatoa pasi za mabao 90. Mwenzake Brett Hull alifunga mabao 86 msimu huohuo, idadi ambayo Gretzky peke yake ndiye aliyewahi kuipita katika msimu mmoja, na tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye thamani kubwa kwa timu yake ikaenda kwa Hull. Februari 1992 Oates aliuzwa Boston. Hull aliendelea kuwa mfungaji hodari, lakini hakufikisha tena hata mabao 60 kwa msimu, na kule Boston, katika msimu wa 1993–94, Cam Neely, ambaye goti lake lilikuwa bovu, alifunga mabao 50 katika mechi 49 akiwa na Oates wa kumpa. Ukiona wafungaji wananawiri kila anapokwenda mtu mmoja, huna haja ya mganga kukuambia dawa iko wapi. Pamoja na hayo, Hull aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa hoki mwaka 2009, na Oates, aliyeacha kucheza kabla yake akiwa na pasi 1,079, akangojeshwa hadi 2012.

Siku hizi mambo yameanza kubadilika kidogo. Joe Thornton, ambaye watu walimlaumu kwa kukataa kupiga langoni hata akiwa na nafasi, alihamishwa kutoka Boston kwenda San Jose katikati ya msimu wa 2005–06. Alimaliza msimu na pasi 96 dhidi ya mabao 29, akachukua Art Ross na Hart pamoja, huku Jonathan Cheechoo, aliyecheza ubavuni mwake, akifunga mabao 56 na kuchukua tuzo ya Maurice Richard. Tuzo ya Hart hupigiwa kura na waandishi wa habari, ambao hulipwa kuutazama mchezo tangu mwanzo hadi mwisho. Shabiki wa kawaida hana wasaa huo; humwona mtoa pasi pale tu naye anapofunga, kama alivyofanya Gretzky, na mtoa pasi mtupu humjua kupitia jina la mwingine.

Na hapa, ndugu yangu, sina budi kuzilaumu video zenu. Kipande cha sekunde chache huanza pale kisahani kinapokaribia gongo la mfungaji. Aliyewavuta mabeki wawili upande wa kulia ili upande wa kushoto ubaki wazi amekwisha kukatwa kabla hamjabonyeza. Mwombeni mjomba atume vipande vinavyoanza sekunde 15 kabla ya bao, kisha mpeni simu huyo kiungo wenu aishike yeye, awaelezeni anachokiona.