Mwaka wa usoni na mwaka wa ukingoni

SWALI: Shikamoo Mzee. Nimenunua medali ya metro (treni za chini ya ardhi) ya Paris. Usoni ina mwaka 1900, lakini ukingoni nimeona alama ndogo ya pembe kama ya mnyama, neno BRONZE na mwaka 1975. Je, nimeuziwa bandia? Tena ina rangi ya kahawia iliyokolea. Niisugue? – Mkusanyaji mpya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichonacho si bandia. Mwaka wa usoni ni wa tukio: njia ya kwanza ya metro hiyo, kutoka Porte de Vincennes hadi Porte Maillot, ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1900. Mwaka wa ukingoni ni wa medali yenyewe, iliyopigwa metro ilipotimiza miaka 75. Pembe hiyo ni alama ya Monnaie de Paris, kiwanda cha serikali cha sarafu na medali, ambacho kimekuwa kikiipiga ukingoni tangu 1880 pamoja na jina la metali. Muuzaji ana kosa ikiwa tu alikutoza bei ya kitu cha 1900.

Ndiyo maana mimi nikipewa medali huanza na ukingo, tena kwa lenzi, ndipo nigeukie picha. Wengi huvutwa na treni wakasahau ukingo.

Pasipo mwaka, tazama majina. Metro ya Moscow, iliyofunguliwa tarehe 15 Mei 1935, ilibeba jina la Kaganovich, mmoja wa viongozi wa Kisovieti, hadi 1955, ndipo ikapewa la Lenin, mwasisi wa dola hiyo. Ukiambiwa medali ni ya siku ya ufunguzi, nawe ukasoma humo kwamba metro ni ya Lenin, irudishe mezani. Napenda sana medali za namna hii: siasa za mji mzima zimo katika mstari mmoja wa maandishi.

Kuisugua? Hapana, hapana kabisa! Rangi ile ya kahawia mara nyingi hutiwa kiwandani kwa makusudi. Ukiiondoa hairudi, na mistari myembamba ya mchongaji hulika pamoja nayo. Ishike kwa ukingo, vidole visiguse uso. Usiitie katika mfuko laini wa PVC, maana plastiki hiyo hutoa asidi taratibu na shaba ikaota utando wa kijani unaonata; tafuta mfuko wa plastiki ya poliesta. Na kama ilikuja na kijisanduku chake, kitunze hata kikiwa kimechanika, kwa kuwa wanunuzi makini hukiulizia.