Uliza Fundi Umeme: Redio inapiga mluzi nikikanyaga mafuta

Mwezi huu karibu barua zote zinalalamikia kelele. Nimechagua chache, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu mwenye nayo yuko mbioni kununua spea asiyoihitaji.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Noah. Nimefunga redio ya Android, amplifaya na sabufa ya inchi 12 kwenye buti. Tangu siku ile kuna mluzi "wiiii" unaopanda nikikanyaga mafuta na kushuka nikiachia. Upo kwenye FM, upo kwenye Bluetooth, na hata nikishusha sauti mpaka sifuri bado nausikia. Fundi aliyefunga aliniuzia filta akaiweka kwenye waya mwekundu wa redio, haikubadilisha kitu. Sasa anasema altaneta imekufa, ninunue nyingine. Ninunue?
*Dereva wa Noah, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue, angalau si leo. Jibu liko ndani ya barua yako mwenyewe: mluzi unausikia hata sauti ikiwa sifuri. Kelele inayoingia kabla ya kitufe cha sauti hupanda na kushuka pamoja na muziki. Yako haijali kitufe, kwa hiyo inaingilia baada yake, yaani kati ya redio na amplifaya, au kwenye amplifaya yenyewe. Filta uliyouziwa inalinda waya chanya wa redio, na mwizi wako hapiti huko.

Altaneta ni kweli ndiyo inayopiga mluzi, lakini hata nzima hupiga. Umeme wake huzaliwa wa kupanda na kushuka, katika njia tatu, halafu dayodi sita zinaunyoosha. Haunyooki kabisa, hubaki na mawimbi madogo juu yake. Piga hesabu: injini ikiwa sailensa, yaani hujakanyaga mafuta, inazunguka mara 800 kwa dakika, na kwa kuwa puli ya altaneta ni ndogo, yenyewe inazunguka kama mara 2,000. Kwa altaneta ya jozi sita za sumaku unapata mawimbi 1,200 kwa sekunde. Kanyaga mpaka 3,000, yanakuwa 4,500. Hapo ndipo sikio la binadamu linaposikia vizuri kuliko kwingine kote, na ndiyo maana unasikia mluzi na si mngurumo.

Sasa, yameingiaje kwenye spika? Redio yako imechukua hasi mbele, kwenye dashibodi. Amplifaya imechukua hasi nyuma, kwenye buti. Katikati ni bodi ya gari, na bodi hiyo hiyo inarudisha umeme wa taa, wa feni, wa pampu ya mafuta. Kwa hiyo hasi ya mbele na hasi ya nyuma hazilingani. Tofauti ni milivolti chache tu, lakini ganda la waya wa RCA, ule unaopeleka muziki kutoka redio hadi amplifaya, limeziunganisha, na amplifaya inaichukua tofauti ile kama muziki na kuikuza.

Fanya hivi. Zima kila kitu, chomoa RCA upande wa amplifaya, kisha washa injini. Mluzi ukibaki, amplifaya ina hasi mbaya. Ukitoweka, amplifaya haina kosa; rudi kwenye RCA na kwenye redio.

Hasi ya amplifaya iwe fupi, isizidi nusu mita, na unene sawa na waya wake chanya. Ifungwe kwenye bati la bodi lililokwanguliwa rangi kwa msasa mpaka ling'ae, si juu ya rangi, na wala si kwenye bolti ya mkanda wa usalama. Bolti ile ina kazi ya kuokoa roho, muachie kazi yake. Ukishakaza, paka grisi kidogo juu. Wewe uko Tanga, hewa ya chumvi haikawii.

Waya chanya wa amplifaya utoke betri moja kwa moja, na fyuzi yake iwe karibu na betri, si kule nyuma. Fyuzi iliyokaa kwenye buti hailindi waya uliopita chini ya zulia lote. Kisha upitishe waya huo upande mmoja wa gari na RCA upande wa pili. Najua mafundi wetu wanapenda kuzifunga zote pamoja kwa tepu, zinaonekana nadhifu sana, na ndivyo mluzi unavyohamia. Kama lazima zikutane, zikutane kwa kukatiza, zisilale sambamba.

Halafu fungua redio. Hizi redio za Android mara nyingi waya wake mweusi huungwa juujuu kwenye waya mwembamba wa dashibodi. Utoe, uupeleke kwenye bati. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: baadhi ya redio zina kifyuzi kidogo mno ndani, kwenye njia ya hasi ya RCA. Mtu akichomeka RCA huku amplifaya imewaka, kinaungua. Redio inaendelea kupiga kama kawaida, ila kuanzia hapo mluzi haukuachi. Kukigundua ni rahisi: chukua kipande cha waya, gusisha ganda la RCA nyuma ya redio na bati la redio yenyewe. Mluzi ukikatika ghafla, umempata. Wapo wanaouacha waya huo hapo moja kwa moja, na unafanya kazi. Mimi napendelea fundi wa elektroniki akibadilishe.

Na punguza geini ya amplifaya. Geini si sauti. Iko pale ili amplifaya ilingane na redio. Ukiifungua mpaka mwisho unakuza kila takataka iliyo kwenye waya.

Ukiwa umemaliza yote na bado una wasiwasi na altaneta, ipime badala ya kuibashiri. Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisha weka multimita kwenye AC, yaani kipimo cha umeme wa kupanda na kushuka, hapo hapo kwenye betri. Altaneta nzima huonyesha chini ya volti 0.1; ikifika 0.5 kuna dayodi imekwenda, na dayodi hubadilishwa bila kununua altaneta nzima. Tahadhari moja: multimita zile za njano za bei ndogo hudanganya kwenye kipimo hiki. Utaona namba kubwa kama 30, ukigeuza nyaya inasoma sifuri. Hiyo si altaneta, ni mita inayoshindwa kutenganisha umeme wa betri. Weka kapasita ya 1 µF kwenye waya mmoja wa mita, itasema ukweli.

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Nina Probox, naishi Likoni. Nilitoa balbu za taa kubwa nikaweka za LED. Sasa usiku nikiwasha taa FM inafanya "shhhh", stesheni za mbali zapotea kabisa. Nikizima taa zarudi. Flashi yapiga safi wakati wote. Redio imeharibika?
*Msikilizaji wa taarabu, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Redio nzima. Kama flashi inapiga safi na FM peke yake inachafuka, kelele inaingilia kwenye antena, haipiti kwenye nyaya za umeme. Hapa vitu vya altaneta nilivyomwambia mwenzako wa Tanga havikuhusu.

Balbu ya LED ina kisakiti kidogo nyuma yake kinachokatakata umeme mara laki kadhaa kwa sekunde. Kukatakata huko hutoa mawimbi ambayo vizazi vyake hufika mpaka kwenye 88 hadi 108 MHz, yaani ndani ya FM yako. Balbu za bei ndogo hazina kichujio kwa sababu kichujio ni pesa. Chaja za kuchomeka kwenye tundu la sigara ni familia moja, na kamera ya dashibodi iliyobandikwa kwenye kioo karibu na antena ndiyo mbaya kuliko zote. Anayesoma hapa na hana taa za LED, achomoe chaja kwanza kabla ya kwenda kwa fundi yeyote.

Unaweza kununua vipete vya feraiti vile vya kubana, ukauzungusha waya wa balbu ndani yake mara mbili au tatu, karibu kabisa na kisakiti. Unapunguza, humalizi. Ushauri wangu hasa ni urudishe halojeni. Kioo cha taa za Probox kilichongwa kwa ajili ya uzi wa halojeni. Ukitia LED mwanga unatawanyika na anayekuja mbele yako haoni kitu. Hilo linanikera kuliko redio.

Ila kabla hujafunga boneti, angalia antena. FM ina tabia ya kumsikiliza mwenye nguvu: stesheni ikija vizuri, kelele hunyamaza yenyewe. Pwani kitako cha antena huoza chini ya mpira bila kuonekana. Chomoa plagi ya antena nyuma ya redio, pima ganda lake na bodi: isizidi om moja. Kwa antena ya fimbo ya kawaida, pima pia pini ya katikati na ganda: pasiwe na mawasiliano kabisa. Na kama umebadilisha redio kwenye gari ambalo antena yake imechorwa kwenye kioo, kuna kiamplifaya kidogo cha antena kinachohitaji volti 12 kutoka waya wa buluu wa redio. Wengi huukata na kuufunga tepu kwa kuwa hawajui wa nini. FM inakuwa dhaifu, kisha watu wanalaumu minara.

SWALI: Fundi mkuu, heshima yako. Kirikuu yangu ina redio ya zamani. Tangu nibadilishe plagi na nyaya zake inatoa "ta-ta-ta-ta" kwenye FM, na kwenye AM ndiyo usiseme. Nikikanyaga mafuta inakuwa "trrrr".
*Mbeba mboga, Morogoro*

JIBU: Heshima kwako pia. Huo si mluzi wa altaneta, ni cheche. Injini ya silinda tatu ikizunguka mara 900 kwa dakika inapiga cheche kama 22 kwa sekunde, sikio linazihesabu moja moja. Kwenye 3,000 zinakuwa 75 na zinaungana, ndiyo hiyo "trrrr" yako.

Tazama maandishi kwenye plagi ulizofunga. Plagi ya NGK iliyoandikwa BPR6ES ina herufi R, ndani yake mna kikinza cha kama om 5,000 kinachopoza cheche isisambaze mawimbi. BP6ES ni ile ile bila kikinza. Kwenye Denso pia tafuta R. Bei hazipishani sana, ila muuzaji akiishiwa moja atakupa nyingine na kukuapia ni sawa. Kwa gari kuwaka ni sawa kweli.

Na hizo nyaya mpya: zipime. Waya mzuri wa plagi husoma maelfu kadhaa ya om kwa kuwa moyo wake ni wa kaboni. Ukisoma sifuri, ni shaba tupu ndani, na shaba hiyo inafanya kazi ya mnara wa kurushia kelele. Usiku, mahali penye giza, fungua boneti injini ikiwa inaunguruma na utazame tu bila kugusa, maana pale pana maelfu ya volti. Ukiona vicheche vya buluu vikirukia bati, waya umevuja. Angalia pia kama kondensa iliyokaa pembeni ya koili bado ipo. Mafundi huitoa wakisema haina kazi. Kazi yake ndiyo hii unayoniandikia.

SWALI: Kaka fundi, simu yangu nikiiunganisha na redio kwa waya wa AUX inapiga vizuri. Nikiichaji humo humo kwenye gari inazomea.
*Mwalimu wa Vitz, Arusha*

JIBU: Dada, simu imepata hasi mbili, moja ya chaja na moja ya AUX, na kelele inazunguka kati yake. Nunua kitenganishi cha AUX, kile kidogo chenye transfoma mbili ndani, ukiweke katikati ya waya. Au tumia Bluetooth ukichaji.

SWALI: Fundi habari. IST yangu ina redio ya Kijapani, nimefunga ekspanda. Sasa kuna sehemu nasikia watangazaji wawili kwa pamoja.
*Dodoma*

JIBU: Njema. Redio ya Kijapani ya zamani inaishia 90 MHz, kwa hiyo ekspanda inashusha stesheni za juu. Kama yako inashusha kwa 18, stesheni ya 106 inatokea kwenye 88. Lakini kama hapo mjini kuna stesheni yenye nguvu iliyoko 88 kwelikweli, nayo inapenya moja kwa moja na mnazisikia zote. Hakikisha plagi za antena zimeingia mpaka mwisho, na waya mweusi wa ekspanda umefungwa kwenye bati, si kuning'inia. Zikiendelea kugongana, tafuta ekspanda ya kushusha namba nyingine, kwa mfano 16 au 20, stesheni ya 106 ihamie pasipo na mtu. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aichomeke hapo hapo dukani na mpitie namba zote pamoja.